Unayekwenda fildi kujaza fomu za wahanga kwenye kesi za ICC: hilo faili la "maelezo ya mfano" litakuumizia watu

Mkuu, maswali yako ya posho na Kifaransa yaache kwanza. Umeandika kwamba umepata kazi ya usaidizi kwenye timu ya mawakili wa wahanga kwenye kesi ya ICC (Mahakama ya Kimataifa ya Jinai), fomu kadhaa umeshajaza, wiki ijayo unaingia fildi kujaza nyingine za kuomba kushiriki kesi na kuomba fidia, na bosi wako kakupa faili lenye maelezo ya shambulio yaliyoandikwa tayari, wewe ukifika ubadilishe jina, umri na idadi ya waliokufa basi, kwa sababu "fomu ni utaratibu tu, sio ushahidi". USIFANYE. Nimesoma hapo mwili ukanisisimka.

Sentensi hiyo hiyo na mimi niliambiwa, na mtu mwenye miaka mingi kwenye hii kazi, tena kwa ile sauti ya kukuonea huruma kwamba kijana unajisumbua bure. Nikamwamini. Kesi sitaitaja na eneo sitalitaja, siri za watu sio zangu kuzigawa humu, ila kilichotokea nakieleza.

Kulikuwa na mama mmoja ambaye shambulio lilipoanza alijitupa kwenye migomba akalala kifudifudi mpaka kelele zikaisha. Alichoona ni miguu tu. Gambuti, wengine peku, suruali za kiraia zimekunjwa. Aliniambia hivyo hivyo na akanionyesha kwa mkono ule urefu aliokuwa anauona, usawa wa goti. Sasa kwenye faili letu la mfano kulikuwa na sentensi iliyonyofolewa kwenye ripoti ya shirika fulani, kwamba washambuliaji walivaa sare za jeshi na kamanda wao alikuwa na bereti. Foleni nje imejaa, jua linazama, mkalimani kachoka, nikaongeza migomba na ile sentensi ya bereti nikaiacha palepale. Akasomewa harakaharaka, akaweka dole gumba, akaondoka.

Baadaye upande wa mashtaka wakamchukua awe shahidi. Na hili wengi wanaoanza hawaambiwi: mhanga akiwa shahidi pia, ile fomu yake inakabidhiwa kwa utetezi, yaani mawakili wa mshtakiwa. Wakati wa maswali ya dodoso wakili wa utetezi wala hakupandisha sauti, alikuwa mpole kabisa. Mama, ulilala kifudifudi? Ndio. Uliona miguu tu? Ndio. Sasa hii bereti uliionaje? Mama akasema mimi sijasema bereti. Hiki kidole ni chako? Changu. Basi bereti kasema nani? Mama akageuka akawa anatafuta upande wetu kwa macho, na mimi nimekaa nyuma ya wakili wetu, na jina langu liko kwenye hiyo fomu inayoonyeshwa kwenye skrini, pale kwenye sehemu ya aliyesaidia kujaza.

Ikafuata fomu ya jirani yake, bereti. Ya mwingine, bereti. Zote saa kumi na moja alfajiri, zote sentensi ileile mpaka mkato umekaa palepale. Yale aliyoyaona kweli, watoto wake, nyumba yake, kuanzia hapo yakawa yanasikilizwa kwa mashaka. Huyu mama hakudanganya hata neno moja! Uongo ulitoka kwenye laptopu yetu ukawekwa chini ya kidole chake. Na yule mkubwa wetu alipoulizwa akasema "labda ni makosa ya mkalimani". Mkalimani! Mtu aliyetafsiri kwa uaminifu siku nzima bila hata maji ya kutosha. Nimekunywa chai kwanza ndio nikaandika hii aya, vinginevyo modi angeifuta.

Usidhani ni sisi tu. Kwenye hukumu ya Lubanga, yule kiongozi wa waasi wa Kongo, ya tarehe 14 Machi 2012, ambayo ndiyo hukumu ya kwanza kabisa ya hiyo mahakama, majaji waliwavua haki ya kushiriki baadhi ya wahanga kwa sababu utambulisho wao au simulizi zao hazikuaminika tena, na wakawasema vibaya upande wa mashtaka kwa kuwaachia watu wa kati, yaani wenyeji wa kuwatafutia mashahidi, kazi ya upelelezi bila kuwasimamia. Isome hukumu, sehemu ya hao watu wa kati ni ndefu na inauma, utaona jinsi mtu aliyetumwa kutafuta mashahidi anavyoweza kuharibu kesi ya mtu mwingine.

Bosi wako atakwambia siku hizi maombi yanapangwa kwa makundi A (yanayotimiza vigezo wazi), B (yasiyotimiza) na C (yenye utata), na yale ya A yanakwenda kwa majaji bila kupelekwa kwa utetezi. Ni kweli, kesi nyingi ziko hivyo, lakini hiyo ni hatua ya kushiriki. Subiri ifike fidia uone, maana kipimo kinapanda. Kwenye kushiriki inatosha kwamba kwa kuangalia juujuu dai lako linasimama, kwenye fidia majaji wanauliza kama kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba ni kweli kuliko sio kweli. Kesi ya Katanga, kamanda wa waasi wa Kongo, shambulio la kijiji cha Bogoro la 2003, majaji walipitia maombi 341 moja moja, wakakubali 297. Kesi ya Lubanga yalipitiwa 473 yakakubaliwa 425. Hao waliobaki nje ni watu wana majina na vijiji, na mtu akikataliwa haji kukugombeza wewe ofisini, anarudi kimya akiamini mahakama imemwita mwongo.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na sitachoka kuirudia: andika alichokiona na alichokisikia yeye mwenyewe, kwa maneno yake, na kama hajui andika hajui. Akikwambia ilikuwa wakati wa kupalilia maharage, andika wakati wa kupalilia maharage, usimtafutie tarehe kwenye ripoti, mawakili watalinganisha wenyewe huko mbele. Mhoji peke yake, mbali na mwenyekiti wa kijiji na mbali na yule jamaa wa shirika aliyewaleta. Ukimaliza msomee polepole kwa lugha yake, na usimuulize "ni sawa?" maana atakujibu ndio kwa heshima tu, muulize "wapi nimekosea?", kisha unyamaze usubiri. Jina likiwa limeandikwa tofauti kwenye kadi ya mpiga kura na kwenye karatasi nyingine, weka yote mawili ueleze. Hana kitambulisho kabisa, uliza kwenye kesi yako majaji wamekubali nini, kuna kesi ambazo tamko lenye saini za mashahidi wawili wanaomfahamu lilipokelewa.

Na pesa usiahidi, hata kwa kutikisa kichwa. Kesi ya Bemba, yule mwanasiasa wa Kongo, walishiriki wahanga zaidi ya 5,000, akatiwa hatiani 2016, tarehe 8 Juni 2018 rufaa ikamwachia, na suala la fidia likafia hapo bila amri yoyote kutolewa.

Na Kifaransa ulichouliza kinasaidia sana, anza hata leo.

Sasa zile fomu ulizosema umeshajaza kwa hilo faili. Usizichane, nakuomba. Rudi kwa kila mtu, msomee, achukuliwe maelezo ya nyongeza yanayosema wazi kipi sio maneno yake, yawe na tarehe mpya na saini au dole lake, ya zamani ibaki kama ilivyo. Zile zilizokwisha kwenda masjala, wakili mkuu wa timu apeleke masahihisho kwa maandishi kwenye kitengo cha ushiriki wa wahanga na fidia. Mwambie leo, kwa emaili ili ibaki na kumbukumbu, na kama bosi wako atanuna acha anune.