Maswali ya wasomaji: Kwa gari na feri hadi Pwani ya Kusini

Agosti tunakwenda Diani na gari letu dogo la gia otomatiki, mimi, mama na watoto watatu. Watoto wanalilia feri ya Likoni. Jirani anasema feri ni kupoteza wakati, tupite barabara ya Dongo Kundu isiyo na feri. Tushike njia gani?
*Baba wa watatu, Kasarani*

Mzee, shikeni zote mbili, ila kila moja kwa siku yake. Siku ya kushuka mtakuwa mmekaa garini takriban kilomita 480 na watoto wamechoka. Si saa ya kupanga foleni Likoni. Piteni Mariakani, mjaze mafuta hapo, kisha Mazeras. Mkifika Miritini muingie barabara ya Dongo Kundu. Mtavuka madaraja ya Mwache na Mteza (la Mteza peke yake lina urefu wa zaidi ya kilomita moja) na kutokea Kibundani, kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Pindeni kulia, Ukunda, mji wa kuingilia Diani, haiko mbali.

Feri iwekeni siku nyingine, mkitoka Diani kwenda kutembea Mombasa. Asubuhi umati hutoka Likoni kuingia kisiwani kazini, jioni hurudi, na saa hizo magari husubiri sana kwa sababu watembea kwa miguu ndio wengi. Vukeni kati ya saa tano na saa nane mchana. Wanaovuka kwa miguu hawalipi, gari hulipa kulingana na ukubwa wake.

Angalieni pia maji. Feri hutua kwenye mteremko wa saruji. Maji yakipwa sana, mteremko huwa mkali na sehemu ya chini huwa na utelezi. Gari la chini lililojaa mizigo nyuma hukwaruza bampa linapopanda. Siku hiyo acheni mizigo hotelini.

Mkishaingia: kanyaga breki, vuta breki ya mkono hadi mwisho, ndipo utie P, kisha uzime injini. Fuata mpangilio huo, kwa sababu ukitia P kwanza uzito wote wa gari hubebwa na kipini kidogo ndani ya gia. Gari la gia za mkono liachwe kwenye gia ya kwanza. Fungueni mikanda, teremsheni vioo vyote, na milango ya nyuma isiwe imefungwa kwa kufuli la watoto. Dereva asitoke kwenye kiti chake. Septemba 2019 gari lilirudi nyuma kutoka kwenye feri hapo hapo Likoni likazama, mama na bintiye wakafariki. Ndiyo maana breki ya mkono isiyoshika ni sababu tosha ya kutopanda feri. Ijaribuni hapa Nairobi, kwenye mlima wowote, gari likiwa limejaa watu: likisogea hata kidogo, mpelekee fundi aikaze.

Tairi zetu zina meno mazuri kabisa. Kuna haja ya kuzibadilisha?
*Mama wa Umoja*

Meno hayasemi yote, mama. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 3517 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2017. Mpira wa umri huo huwa umekauka, na kutoka Kibwezi hadi Voi, lami ikiwaka na gari likiwa limejaa, ndipo hupasuka. Mtazame na spea, ambayo husahaulika miaka.

Upepo upimwe asubuhi kabla ya kuondoka, tairi zikiwa baridi. Kipimo kipo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, nawe ufuate kile cha gari lenye mzigo. Mkifika Mtito Andei mkakuta upepo umepanda, msiupunguze. Umepandishwa na joto, na tairi ikipoa itakuwa na upungufu.

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Usiku malori huharibika katikati ya njia bila taa, na pande za Voi ndovu wa Tsavo huvuka barabara. Matawi mkiyaona yametandazwa kwenye lami, punguzeni mwendo, mbele kuna gari limekwama.

Tunataka kuvuka hadi kisiwa cha Wasini. Gari linavuka? Na bahari ya Agosti ikoje?
*Msomaji, Rongai*

Gari halivuki, linabaki Shimoni, nanyi mnapanda mashua. Agosti ni majira ya kusi, upepo utokao kusini, nao hukaza kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo muwe majini mapema. Lakini hesabu kubwa ni ya maji. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi na kujaa tena karibu saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Bustani ya matumbawe ya kijiji cha Wasini hutembelewa maji yakiwa yamepwa. Kuogelea Diani na watoto, subirini maji yajae, maana yakipwa mtatembea juu ya miamba na viumbe wa baharini wenye miiba. Wavalisheni viatu vya mpira.

Mkienda hadi hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, ada ya KWS (shirika la wanyamapori) lipeni kwenye eCitizen mkiwa bado na mtandao mzuri. Na kila mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. La mtu mzima humchomoka akianguka majini.

Chumvi ya bahari inaharibu gari kweli?
*Dereva, Donholm*

Kwa wiki moja, si sana, mradi usiliendeshe mchangani ufukweni. Likirudi lioshwe chini kwa maji yasiyo na chumvi, yenye nguvu: ndani ya matao ya magurudumu, kwenye eksozi na mabomba ya breki. Usioshe juu tu.