Jibu: Nimalize kusoma ndipo nianze kuandika tasnifu?

Ndugu, umeuliza kama umalize kusoma makala zote ndipo uanze sura ya mapitio ya maandiko. Hutamaliza, mpya zinatoka kila siku. Soma moja, ifunge, kisha andika aya kwa maneno yako: mwandishi anadai nini, ushahidi wake ni upi, na wewe humkubali wapi. Hapo usipomkubali ndipo penye pengo lako la utafiti, si kwenye ile sentensi ya "hakuna aliyetafiti mada hii" ambayo watahini wameichoka. Marejeleo yaweke kwenye Zotero tangu leo, programu yenyewe ni ya bure. Na kwa kuwa utafiti wako ni wa Kenya, omba leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kabla hujaenda uwandani. Msimamizi mpelekee kurasa chache mbichi, usingoje sura ikamilike.