Albumini imeshuka siku ya tano: kwanza hesabu kilichoingia tumboni

Dada, umeuliza juu ya mgonjwa wenu wa reanimasio (chumba cha wagonjwa mahututi) hapo Bukavu: kilo 60, siku ya tano, analishwa kwa sondi, mrija wa puani unaofika tumboni, albumini (protini ya damu) inazidi kushuka, na mnataka kumwongezea chakula. Msiongeze kwa sababu ya albumini. Mtu akiwa na maambukizi makali au ametoka kupasuliwa, ini huacha kuitengeneza kwa wingi, mishipa huivujisha, na serumu, maji ya mshipani, huzimua ile iliyobaki. Hata mkimlisha vizuri namna gani, wiki hii haitapanda. Uzito nao hudanganya: lita moja ya maji iliyobaki mwilini ni kilo moja kwenye mizani.

Shika karatasi ya saa 24. Daktari ameagiza nini, na ni kiasi gani kilichopita kwenye sondi? Tuseme ml 60 kwa saa, yaani ml 1,440 kwa siku. Toa saa mbili za skana, saa moja ya kuogeshwa na kugeuzwa, saa tatu za umeme kukatika pompi ikazimika. Zimebaki saa 18, ml 1,080. Robo ya chakula imepotea, na zamu inayoingia bado inaandika "60 kwa saa". Kila zamu iandike ml zilizoingia na sababu ya kila kusimama. Kipimo hicho ndicho ninachokiamini kuliko vyote.

Umeme ukikatika, tumieni trusi ya matone, mrija wa kudondoshea: kama ni ile ya matone 20 kwa ml, basi ml 60 kwa saa ni matone 20 kwa dakika. Maziwa mazito ya kulishia hayadondoki kama maji, kwa hiyo bandika sparadra (plasta ya kunata) ubavuni mwa chupa, uchore alama ya kila saa, ufuate alama. Sparadra nyingine iandikwe SONDI, izungushwe kwenye mrija wenyewe karibu na kiungo. Maziwa yakiunganishwa na mshipa, mgonjwa anaweza kufa.

Halafu protini, hapo ndipo wengi wanapungukiwa. Lengo ni kama kcal 25 na protini gramu 1.3 kwa kilo kwa siku, mkifika polepole ndani ya wiki ya kwanza. Kwa kilo 60 ni kcal 1,500 na gramu 78. Mkitumia F-100, maziwa ya tiba ya utapiamlo, ml 1,500 zinatimiza kalori, lakini protini ni gramu 43 au 44 tu. Kalori zimejaa, misuli inaendelea kuliwa. Uji wa masoso (mahindi, soya na mtama) hauzibi pengo hilo: ukipoa unaganda na kuziba sondi.

Je, kabla ya kuugua alikaa siku nyingi bila kula, kama wengi wanaotoka kambini? Basi hatari ni kuongeza haraka. Anzeni na kcal 10 kwa kilo, tiamini (vitamini B1) mg 200 hadi 300 kabla ya chakula cha kwanza, kisha pimeni chumvi za damu, yaani potasiamu, magnesi na fosfeti, angalau mara moja kila siku kwa wiki ya kwanza. Fosfeti ikiwa chini ya 0.65 mmol/l, irudisheni na mbane kalori kwa saa 48. Maabara isipopima fosfeti, angalieni potasiamu inayoporomoka, pumzi inayolegea, moyo unaokimbia, miguu inayovimba ghafla.

Sukari ya damu kila saa nne mwanzoni. Insulini ianze ikipita mg/dl 180, na chakula kikisimama, insulini ipunguzwe au isimame papo hapo. Hili husahaulika usiku.

Mabaki ya tumbo, yaani chakula mnachokivuta kwa sondi kikiwa bado hakijashuka, yasiwatishe ovyo. Yakizidi ml 500 ndani ya saa 6, simamisheni kidogo, shikeni tumbo, fikirieni metoklopramidi, dawa ya kusukuma chakula kishuke. Ml 150 si sababu ya kumnyima mtu chakula. Kichwa kiinuliwe digrii 30 hadi 45 muda wote.

Akiharisha, msikate chakula kwanza. Tazameni dawa za maji zenye sorbitoli (sukari inayoharisha), antibiotiki, na chupa ya maziwa yaliyochanganywa kwa mkono ikaning'inia zaidi ya saa nne. Kwenye joto, chupa hiyo imwagwe, trusi ibadilishwe, na sondi isafishwe kwa ml 30 za maji safi.