Mwanangu, Hakimu na Mwokozi ni Mmoja

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako mafua yamemwacha, na dawa ulizotuma zimefika.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mwenzako wa kazini amekuambia kwamba Mungu wa Agano la Kale ni hakimu tu, wa gharika na mapigo, na wokovu umeanza na Agano Jipya. Ukakosa la kumjibu, nawe ukaniuliza: Mungu yule yule anahukumuje na kuokoa?

Hoja hiyo ni kongwe. Karne ya 2 alikuwepo Marcion, mtu wa Sinope, pwani ya Bahari Nyeusi. Alifundisha Roma kwamba Mungu aliyeumba dunia na kutoa sheria ni mwingine, na Baba wa Yesu ni mwingine, kisha akayakataa maandiko ya Waebrania yote. Kanisa la Roma liliachana naye mwaka 144. Wengi hawajawahi kusikia jina lake, ila Biblia wanaisoma kama yeye.

Unaikumbuka kesi ya shamba la shangazi yako. Siku hukumu iliposomwa, shemeji zake waliinamisha vichwa, na yeye akapiga vigelegele hadi karani akamnyamazisha. Hukumu ilikuwa moja, karatasi moja. Zaburi nyingi ziliandikwa na watu waliokaa upande wake. “Unihukumu, unitetee,” anaomba mwenye Zaburi ya 43, na hapo hatubu dhambi yoyote, anataka kesi yake isikilizwe. Zaburi ya 96 inasema miti yote ya msituni itaimba kwa furaha kwa sababu BWANA anakuja kuihukumu nchi. Sisi tuliotishwa siku ya hukumu tangu Shule ya Jumapili tunaupita mstari huo kama hatujauona. Nani humwimbia hakimu akija? Aliyekwisha kuonewa.

Kisha fungua Waamuzi. Katika kitabu kizima anayeonekana ameketi akiamua mashauri ya watu ni Debora peke yake, chini ya mtende wake kati ya Rama na Betheli. Na ni yeye huyo anayemwita shujaa Baraka aende kumkabili Sisera, jemadari wa Wakanaani mwenye magari 900 ya chuma. Waamuzi wengine kazi yao hasa ni kuwatoa watu mikononi mwa adui. (Samsoni mwache kwanza, huyo ana mambo yake.)

Hadi hapo mwenzako angeweza kusema: sawa, basi Mungu huwahukumu wengine na kuwaokoa watu wake. Hapana, na hapa ndipo ningependa ukae. Misri Waisraeli walilia, Mungu akasikia, Farao akahukumiwa. Bado wako jangwani, hata nchi hawajaipata, wanaambiwa katika Kutoka 22: msimtese mjane wala yatima, kwa maana akinililia nitamsikia, na wake zenu ninyi watakuwa wajane. Sikio ni lile lile lililosikia kilio cha Misri. Tofauti ni kwamba sasa anayeliza watu anaweza kuwa Mwisraeli, na akiwa yeye, zamu ya Farao inamwangukia.

Amosi, mchungaji kutoka Tekoa, alikwenda kulisema hilo Betheli, penye hekalu la mfalme, katika karne ya 8 kabla ya Kristo, nchi ikiwa na neema na matajiri wakiuza maskini kwa jozi ya viatu. Watu walikuwa wanaitamani siku ya BWANA, wakidhani itawashukia majirani. Akawaambia ni giza, si nuru. Kuhani Amazia akamfukuza, arudi kwao Yuda akale mkate huko. Mimi sishangai, nimeketi kwenye halmashauri za kanisa.

Sasa usije ukadhani Mungu huyu anapima tu kama mizani, huyu huku, yule kule. Soma Waamuzi 10. Watu wamemwacha tena, wamebanwa tena, wanamlilia tena, naye anawajibu kwa uchungu: nendeni mkaililie ile miungu mliyoichagua, iwaokoe hiyo. Kwa haki, kesi imeishia hapo. Lakini mistari miwili mbele moyo wake hauwezi tena kuvumilia taabu yao. Katika Hosea 11 anajiuliza mwenyewe atamwachaje Efraimu, yaani Israeli. Hukumu yenyewe inamuuma anayeitoa. Hili Marcion hakuliona, au hakutaka kuliona.

Lipo jambo ambalo halinyooki, na sitakudanganya kwamba linanyooka. Kutoka 11 inasema watakufa wazaliwa wa kwanza wa Misri, tangu wa Farao aketiye kitini pake hadi wa mjakazi aliye nyuma ya mawe ya kusagia. Huyo mjakazi naye alikuwa mtumwa. Alimtesa nani? Nimesikia mahubiri mengi juu ya damu kwenye miimo ya milango, na sikumbuki mhubiri aliyesimama kwa huyo mama. Mimi ningesimama. Abrahamu alimbana Mungu kwa ajili ya Sodoma, akashuka kutoka watu 50 hadi 10, akamuuliza kama Mhukumu wa ulimwengu wote hatatenda haki, na hakukemewa.

Kwa hiyo mwenzako akikuuliza kuhusu mtoto wa yule mjakazi, usimtungie jibu. Mpe Habakuki, sura ya kwanza, nabii anayemlalamikia Mungu kwamba analia naye haokoi, na akijibiwa kwamba Wakaldayo, watu wa Babeli, ndio wanaokuja kuhukumu, analalamika zaidi. Ni sura tatu tu kitabu chote, ataimaliza kwenye daladala. Kisha niandikie amesema nini.

Baba yako