Mashine usiyoweza kuifungua si yako

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, na sisi hatujambo. Unauliza jambo moja tu: rafiki yako anauza Antminer S9 yake iliyotumika, ile mashine ya kuchimba sarafu za Bitcoin, je, uichukue, na ukishaiwasha itakulipa? Nitakujibu, ila univumilie kidogo. Umegusa mahali ambapo mama yako hawezi kupita bila kusimama.

Kwanza nimeshangaa kukuona unaiita S9 mashine ya kizamani. S9 ilitoka 2016! Mimi nikisema za zamani nazungumzia zile za 2013, zilizokuwa mezani kwetu wakati wewe bado unasimamishwa juu ya kiti ili uone kioo cha kompyuta. Najua kwa hesabu za leo wewe ndiye uliye sahihi. Katika uchimbaji wa Bitcoin mashine ya miaka mitatu tayari ni mzee. Lakini moyo wangu hauhesabu hivyo.

Baba yako ndiye aliyetangulia, na zile kadi zake mbili za picha za kompyuta, Radeon HD 5870. Unazikumbuka kwa joto lake, maana ndiko paka alikokuwa akilala. Watu walikuwa wakiuliza kwa nini Radeon na si kadi za Nvidia, zilizosifika zaidi kwa michezo. Sababu ni kwamba kuchimba ni kupiga heshi za SHA-256, yaani kukoroga data kwa kanuni hiyo hadi itoke namba inayotakiwa, na hiyo ni kazi ya kuzungusha na kuchanganya biti, na zile Radeon ziliweza kuzungusha biti kwa amri moja pale ambapo Nvidia wa wakati ule alihitaji hatua kadhaa. Kadi moja ilipiga heshi kama milioni 400 kwa sekunde huku ikila karibu wati 190. Baba yako aliamini hakuna kitakachoipita.

Halafu zikaja Block Erupter. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Kitu chenyewe kilikuwa kama flashi ya kuhifadhia faili, unakichomeka kwenye tundu la USB. Ndani mna chipu moja tu, mgongoni bapa la alumini la kupoza joto. Kilipiga megaheshi 333, yaani heshi milioni 333 kwa sekunde, kwa kula wati 2 na nusu. Hebu linganisha na kadi ya baba yako: kazi karibu ile ile, umeme sehemu ndogo mno. Nilizipanga kwenye habu ya USB, kile kifaa chenye tundu nyingi, zikiwa zimesimama wima, nikaelekeza kafeni kadogo pembeni kwa sababu ukizigusa zinaunguza kidole kwelikweli. Kila kimoja kilikuwa na kataa ka kijani. Kinapopata jibu lenye ugumu wa kiwango cha chini kabisa, taa inamemeteka. Jibu la namna hiyo hutokea kwa wastani mara moja katika heshi bilioni 4 na ushee, kwa hiyo kwa kasi yake taa ilimemeteka kila baada ya sekunde kumi na tatu hivi. Haikufuata saa. Mara mbili kwa mkupuo, halafu kimya kirefu, halafu tena. Wewe ndiye uliyeniuliza kwa nini haimemeteki kwa mpango, na hapo ndipo nilipokufundisha bahati ni nini katika hesabu. Shule walikuja kukufundisha baadaye, tena vibaya.

Ndiyo maana nasema siku zote, na dada yako akinisikia anaondoka chumbani: mashine usiyoweza kuifungua si yako. Unaweza kuwa umeilipia, risiti unayo, lakini kama hujui ndani mna nini na kila sehemu inafanya nini, wewe ni mlipaji wa bili ya umeme tu.

Mwisho wa 2013 tukapata Antminer S1. Hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na sitajificha. Haikuwa na boksi. Ubao mbili za chipu, kila ubao umefungwa kwa skrubu kwenye bapa kubwa la alumini, na feni, basi. Unaona kila kitu. Pawa saplai unatafuta mwenyewe. Gigaheshi 180, yaani heshi bilioni 180 kwa sekunde, kwa wati 360. Ukifungua kivinjari ukaandika anwani yake, 192.168.1.99, unakuta ukurasa wake, na kwenye ukurasa huo kuna mstari wa chipu: kila chipu iliyo hai inaonyeshwa kwa herufi o, iliyokufa kwa x. Chipu 64, ubao mmoja 32 na wa pili 32. Wewe na dada yako mlikuwa mkizihesabu kila mkitoka shule, mkiitana, "Zote zipo!"

Siku moja hazikuwepo zote. Upande mmoja ulikuwa na x tatu zilizofuatana, na kasi imeshuka. Mjomba wako akasema chipu zimeungua, tuiuze hivyo hivyo kabla haijafa yote. Mimi nikazima umeme, nikailaza mezani, nikaanza kukagua skrubu za lile bapa. Upande ule zilikuwa zimelegea, maana mashine ilisafirishwa mbali na kutikiswa njia nzima. Bapa lilikuwa limeachana na ubao kidogo sana, ukitazama kwa mwanga unaona mstari mwembamba. Pale penye nafasi, joto la chipu halina pa kwenda. Nikaongeza ute wa kupitisha joto, nikakaza skrubu moja moja kwa kuvusha, kona hii kisha kona ya pili, ili ubao usijipinde. Tulipoiwasha, mstari ukarudi o tupu, mwanzo hadi mwisho. Mjomba wako hakusema neno. Hadi leo nikikumbuka sura yake nafurahi, Mungu anisamehe, maana ni ndugu yangu.

Sasa nikwambie na ile nyingine, ambayo baba yako hapendi niitaje.

Unajua kwamba tuliagiza mashine kubwa zaidi, tukalipa yote mbele. Muuzaji simtaji. Wakati ule ndivyo ilivyokuwa: viwanda vilikuwa vinauza mashine ambazo bado hazijatengenezwa, na wateja wanapanga foleni kwa fedha zao. Tuliahidiwa tarehe. Tarehe ikapita, ikaja barua pepe: wiki mbili zijazo. Zikapita, ikaja nyingine, maneno yale yale. Na katika uchimbaji, kuchelewa siyo sawa na kuchelewa kwa meza au kabati. Mtandao wa Bitcoin hujirekebisha kila baada ya bloku 2,016, zile kurasa za daftari la Bitcoin ambazo mchimbaji akikamilisha mmoja hulipwa sarafu, yaani karibu wiki mbili, ili bloku iendelee kupatikana kila dakika kumi hata mashine zikiongezeka. Mashine zikizidi, ugumu unapanda, na kila mashine inapata kidogo zaidi. Kati ya Oktoba 2013 na Aprili 2014 ugumu ulipanda zaidi ya mara 20. Mashine ambayo ingetulipa vizuri siku iliyoahidiwa, siku iliyofika haikuwa na thamani ya kushangilia.

Hilo ningelimeza. Biashara ina siku zake. Lililonikaa kooni ni nilichokiona nilipoifungua. Baba yako alitaka kuichomeka mara moja, nikamwambia ngoja. Nikatoa kifuniko. Kwenye ukingo wa mapanga ya feni palikuwa na mstari wa vumbi la kijivu, lile vumbi linalogandamana feni inapozunguka muda mrefu. Kati ya mapezi ya alumini, vumbi. Skrubu mbili za kifuniko zilikuwa zimekwaruzwa vichwa na bisibisi ya mtu. Na kwenye tundu moja la umeme, plastiki ilikuwa imebadilika rangi kwa joto. Mashine mpya haina vumbi, mwanangu. Mashine ile ilikuwa imeshafanya kazi, mahali fulani, kwa faida ya mtu fulani, katika miezi ile ile tuliyokuwa tukiambiwa wiki mbili zijazo. Tuliandika, hatukujibiwa. Baba yako akasema yaishe. Kwake yaliisha. Kwangu bado.

Pengine utasema huo ndio ushahidi kwamba mambo haya hayafai. Nimewahi kujiambia hivyo mwenyewe. Ukipiga hesabu kavu, ya umeme, ya vifaa, ya sarafu tulizouza mapema kulipia hivyo hivyo vifaa, kuna miezi ambayo heri tungenunua Bitcoin tukakaa kimya. Lakini nikifika hapo nakataa. Tungenunua tukakaa kimya, wewe leo usingekuwa unajua kwa nini bloku ina namba inayobadilishwa mabilioni ya mara hadi heshi itoke chini ya kiwango. Dada yako asingeshika pasi ya kulehemu akiwa mtoto. Mimi nisingejua kwamba mkono wangu unaweza kurudisha chipu tatu kutoka x hadi o. Sasa hayo nayaweka kwenye safu gani ya daftari? Na bado, umeme tulilipa kwa fedha, hatukulipa kwa elimu. Naona naanza kubishana na baba yako wakati hata hayumo kwenye barua hii.

Kinachonisikitisha zaidi ni kingine. Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wa Bitcoin, alipoandika mpango wake 2008 alisema kompyuta moja ni kama kura moja. Na mwanzoni ilikuwa kweli: Januari 2009 kompyuta yoyote ya kawaida iliweza kuchimba, na bloku moja ilileta sarafu 50. Zile Radeon bado ziliuzwa kwa watu wa michezo, mtu yeyote aliweza kuwa nazo. Hata Block Erupter na S1 zilikaa kwenye meza ya mtu. Baada ya hapo kazi ikahamia kwenye maghala, safu kwa safu, na mwenye mashine huenda hajawahi kuigusa. Wanakodisha nguvu ya heshi bila kuiona! Mtu anasema "ninachimba" na hajui feni yake inazungukia upande gani. Hiyo mashine si yake. Nimeshasema.

Turudi kwa S9 yako. Ni mashine ya heshima, sikatai. Chipu 189 katika ubao tatu, 63 kila ubao, teraheshi kama 13 na nusu, yaani heshi trilioni 13 na nusu kwa sekunde, kwa wati 1300 hivi. Ingehitaji Block Erupter elfu arobaini kufikia hapo. Hebu wazia habu yangu. Lakini wewe unajua kusoma namba. Zawadi ya bloku sasa ni sarafu 3.125 tangu Aprili 2024. Mashine za sasa kama S21 zinapiga teraheshi 200 kwa wati 3500, yaani kwa umeme ule ule zinafanya kazi zaidi ya mara tano ya S9. Na mtandao mzima unapiga karibu eksaheshi elfu moja, na kila eksaheshi ni teraheshi milioni moja. Ukitaka kuchimba peke yako bila kundi, kwa wastani ungesubiri zaidi ya miaka elfu moja kupata bloku moja. Hapo sijakwambia usinunue. Nimekutajia namba tu, na nimejizuia sana.

Ninachoweza kukwambia ni hiki. Usiinunue kwa picha. Nenda na bisibisi. Mwombe rafiki yako aizime, iache ipoe, halafu vuta ubao mmoja mmoja utazame. Kwenye S9 kila chipu ina kipande chake kidogo cha alumini kilichobandikwa kwa gundi, na gundi hiyo huchoka kwa joto. Kipande kikianguka kinaweza kugusa sehemu nyingine na kupiga shoti. Vihesabu, na vilivyobaki usivivute, vigusie pembeni kwa ukucha uone kama vinacheza. Tazama tundu za umeme kama plastiki imegeuka rangi. Nusa: kilichoungua hakijifichi. Kisha iwashwe mbele yako, kwa muda wa kutosha ipate moto, ufungue ukurasa wake usome mstari wa chipu. Ukiona x, ulizia tangu lini, mtazame usoni akijibu. Na sauti uisikilize. S9 hupiga kelele kama wewe ulivyokuwa ukilia ukitolewa kwenye kompyuta, utaisikia hata ukiwa chumba cha tatu. Mwenye nyumba wako mwambie kabla.

Ukiitaka kwa ajili ya fedha, namba umeziona. Ukiitaka kwa sababu unataka uwe nayo mezani uifungue, basi hilo ni swali lingine, na hilo ungeniuliza ningekuwa nimeshakujibu kwa mstari mmoja. Hukuniuliza, kwa hiyo nanyamaza. Baba yako naye anasema nikushauri vitu hivi vipya vya Bitaxe, vyenye chipu moja na michoro yake iko wazi kwa kila mtu. Anasema vinafanana na Block Erupter zangu. Nimevitazama. Havifanani, lakini nakiri kwamba vinafunguka.

Ukienda kwa rafiki yako nitumie picha ya ubao wa katikati, upande wa chipu, usiwashe mwanga wa kamera maana unaficha nyufa. Ile ute ya kupitisha joto ninayo bado, haijakauka. Na bisibisi yangu yenye mpini mwekundu uliichukua ulipohama, usidhani sijui.

Mama yako