Maswali ya Lugha: Kupogoa, Kuhesabu na Kudhani katika Kitenzi Kimoja cha Kilatini

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa seminari na niko mwaka wa pili wa somo la Kilatini. Kamusi yetu inakipa kitenzi puto, putare maana ya "kupogoa", halafu "kukagua hesabu", halafu "kudhani". Darasani tumeambiwa tukariri hiyo ya mwisho na hizo nyingine tuziache. Je, hivi ni vitenzi vitatu vilivyofanana kwa bahati tu, au ni kimoja? Na ni kweli kwamba neno kompyuta limetoka humo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, Warumi wenyewe walikiona kuwa kitenzi kimoja, nami nakusihi usiiache maana ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyozizaa hizo nyingine mbili.

Tuanze shambani. Putare, kwa mkulima wa Italia ya kale, ni kuukabili mzabibu kwa mundu na kuondoa vitawi vilivyokauka, machipukizi yasiyo na kazi na matawi yaliyosongamana, mpaka libaki shina na matawi machache yatakayobeba matunda. Columella, aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya 1 B.K., anauelezea mundu huo kuwa na sehemu sita, kila moja na jina lake na kazi yake: upo ukingo ulionyooka karibu na mpini, upo mpindo, ipo ncha, na mgongoni lipo bapa dogo la kukatia kama shoka. Aliyewahi kutazama zabibu zikipogolewa Dodoma ataielewa kazi hiyo upesi. Mpogoaji hakati ovyo, bali husimama mbele ya kila tawi, akayahesabu macho ya tawi, yaani mahali linapochipua, kutoka shinani, akaamua yabaki mangapi, ndipo akate. Akimaliza, ardhi imejaa majani na mzabibu umebaki kama fimbo. Kuhesabu na kuamua, basi, havikuongezwa baadaye na wanafalsafa, kwani vilikuwamo katika kupogoa kwenyewe.

Ushahidi ulio bora tunaupata kwa Cato, aliyefariki mwaka 149 K.K., ambaye kitabu chake cha kilimo ndicho kitabu kamili cha nathari ya Kilatini kilicho cha kale kuliko vyote vilivyotufikia. Humo anaeleza jinsi mizabibu na miti inayoibeba inavyopaswa kupogolewa, na kitenzi anachokitumia ni putare. Katika kitabu hichohicho, kurasa chache kabla ya hapo, anamwelekeza mwenye shamba afanye nini akifika kutoka mjini: amsalimu mungu wa nyumba, alizunguke shamba, na kesho yake amwite msimamizi, amwulize kazi gani zimefanyika na zipi zimebaki, kisha wakae kwenye hesabu za fedha, nafaka, malisho, divai na mafuta. Kazi hiyo ya kukaa kwenye hesabu Cato anaiita rationes putare. Kinachotendeka hapo ni kilekile: kuondoa kilichouzwa, kilichotumika na kilichodaiwa, hadi kibaki kiasi ambacho hakuna anayekibishia.

Varro, mwanachuoni wa karne ya 1 K.K., aliliandika jambo hili waziwazi katika kitabu chake juu ya lugha ya Kilatini. Anasema kwamba putare ni "kufanya kitu kiwe safi"; kwamba mpogoaji huitwa putator kwa kuwa huisafisha miti; kwamba hesabu nayo husemwa hivyo kwa kuwa jumla yake hutoka safi; na kwamba mazungumzo ambayo maneno yake yamepangwa bila kuchanganyika, ili jambo ling'ae, huitwa disputare. Ona kwamba kwa Mrumi disputare haukuwa ugomvi. Wanaisimu wa leo hawamfuati Varro katika kila asili ya neno anayoitaja, lakini kwetu lililo kubwa ni kwamba sikio la msemaji mzawa lilizisikia maana hizi kuwa za ukoo mmoja.

Na sisi Waswahili hatuna sababu ya kushangaa, kwa maana tunacho kitenzi kilichopita njia hiyohiyo. Mama anachambua mchicha akitupa majani yaliyooza, mkulima anachambua pamba kuitoa uchafu, na huko Pemba watu hukaa mkekani jioni wakichambua karafuu, kiganjani wakizitenga na makonyo yake. Kisha mhakiki anachambua shairi na mwanasiasa anachambuliwa gazetini, wala hakuna anayedhani kwamba tuna vitenzi viwili. Ukitaka kuihisi putare kwa sikio la Kiswahili, anza na chambua, usianze na fikiri.

Maana ya "kudhani" ndiyo iliyotumika zaidi ya zote, na kwa kutumika sana ikapungua makali. Katikati ya njia hiyo kuna matumizi ambayo bado yananuka daftari la hesabu, kama magni putare, yaani kukihesabu kitu kuwa cha thamani kubwa. Mshairi Vergilius anapomsimamisha Enea, shujaa wa utenzi wake, huko kuzimu mbele ya wafu wasiozikwa, anasema alisimama multa putans, na hapo "akidhani mengi" haitoshi kabisa, kwa kuwa mtu huyo anayapima mambo moyoni moja baada ya jingine. Mwishoni kabisa mwa njia yuko Vespasian, mfalme wa Roma, ambaye mwaka 79 B.K., ugonjwa ulipomwanza, inasimuliwa na Suetonius, mwandishi wa maisha ya wafalme hao, kwamba alisema: Vae, puto deus fio, "Ole wangu, nadhani ninageuka mungu." Puto hiyo ni "nadhani" tupu, isiyo na mundu wala daftari. Cogito, kitenzi cha Kilatini cha "kufikiri", ni jambo jingine, kwani asili yake ni kuswaga vitu pamoja kama mchungaji anavyokusanya mifugo. Kwa hiyo katika tafsiri zako mwachie cogito "nafikiri", na puto umpe "nadhani" au "naona".

Vergilius yuleyule ana neno moja ninalolipenda kuliko yote ya ukoo huu. Katika shairi lake la pili la wachungaji, Corydon, aliyechanganyikiwa kwa mapenzi, anajikemea kwamba ameuacha mzabibu wake juu ya mti wenye majani mengi ukiwa semiputata, umepogolewa nusu. Kwa juu anataja kazi ya shamba iliyokwama. Lakini msomaji aliyezijua maana zote mbili alisikia pia akili ambayo haijamaliza kujipanga, na ndiyo maana nasema kwamba anayekariri "kudhani" peke yake anaupoteza mstari huu.

Kuhusu kompyuta, ndiyo, ni kweli. Computare ni kuhesabu kwa kujumlisha pamoja, na Kiingereza kililitumia neno hilo kumwita mtu anayefanya mahesabu, muda mrefu kabla ya kuiita mashine. Tena si hilo tu: akaunti na kaunta nayo yametoka katika computare, yakipitia Kifaransa cha zamani na Kiingereza. Wale wanaosema tarakilishi wamekwepa mundu wa Mrumi, ila wakienda benki watakutana nao.

SWALI: Mimi ni muuguzi. Kukatwa kwa mguu au mkono hospitalini madaktari wetu hukuita amputesheni. Je, nalo ni la ukoo wa neno la Kilatini computare? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndiyo, dada. Amputare ni putare iliyotanguliwa na kiambishi chenye maana ya "pande zote", yaani kukata kwa kuzungusha hadi kitu kianguke. Mshairi wa Kirumi Horatius, katika shairi lake la kusifu maisha ya shamba, anamwonyesha mkulima akiyaondoa kwa mundu matawi yasiyofaa, ramos amputans, na kupandikiza mahali pake yaliyo na rutuba zaidi. Lakini hata kwa mwili wa binadamu Warumi walilitumia: Suetonius anasimulia kwamba Galba, aliyekuja kuwa mfalme wa Roma, alipokuwa akitawala jimbo la Hispania, aliamuru mbadilisha fedha aliyepunja watu akatwe mikono, manus amputavit, kisha ikapigiliwa misumari juu ya meza yake ya kazi. Madaktari wa Ulaya walilikuta neno likiwa na matumizi hayo yote mawili, la tawi na la mkono.