Uji wa shule kwenye chupa ya maji ya dukani

Dada uliyeuliza kama ni salama kumwekea mtoto uji kwenye chupa ya maji ya dukani aende nao shule, wa moto usiweke kabisa. Geuza chupa uangalie kitako, kuna kapembetatu kenye namba ya aina ya plastiki, hizo za maji ni 1, zimetengenezwa kwa ajili ya vitu vya baridi, ukimimina cha moto inajikunja yenyewe na kemikali zinatoka kirahisi zaidi. Maji ya kawaida poa tu, ila ikishakwaruzika ndani au kuanza kunuka tupa, hapo bakteria ndo shida kuliko hata plastiki, na ule mdomo mwembamba huwezi kuosha vizuri. Ya chakula tafuta namba 5, maziwa hata 2 sawa, ukizunguka pale soko la Kilombero, Arusha, geuza kila kontena kabla hujalipa, muuzaji akinuna muache anune. 3 na 6 achana nazo kwa vyakula vya moto, 7 ni mchanganyiko na baadhi zina BPA, kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu, ambayo Ulaya walishapiga marufuku kwenye chupa za vichanga tangu 2011. Na hata hiyo 5, mtori ukitoka jikoni unatokota acha upoe kwanza, moto na mafuta vikikutana ndo vinavuta kemikali. Alafu zile ndoo zilizokuwa na rangi ya kupaka nyumba watu wanaosha wanawekea maji ya kunywa au mbege, hizo hapana jamani, hata usugue na sabuni wiki nzima. We kwa uji mnunulie tu kachupa kadogo ka chai ka stili.